Mtoto akinenepa kupita kiasi, mzigo ni wa nani?

SWALI: Mwanangu wa kiume ametimiza miaka minane mwezi uliopita. Tulipompeleka kutibiwa kikohozi, muuguzi alimpima akakuta ana kilo 36 na urefu wa sentimita 128, akasema uzito umezidi lakini hakueleza zaidi. Tunaishi Dar es Salaam, na nyumbani tuko watano: mimi, mume wangu, mama mkwe, mwanangu huyu na mdogo wake wa kike mwenye miaka mitano. Mume wangu anasema mtoto ana afya na nisimsumbue. Kila asubuhi humpa shilingi elfu mbili za kula shuleni, na zote huishia kwenye chipsi. Akirudi, bibi yake humpokea kwa soda. Wiki iliyopita wifi yangu alisema mbele ya wageni kwamba mtoto amekuwa hivi kwa sababu mama yake hajui kulea. Nimeumia sana. Naomba ukweli: kosa ni langu? Na nifanye nini bila kumnyima mtoto chakula?

JIBU: Mama, pole kwa maneno uliyoambiwa mbele ya wageni. Nitafika kwenye suala la kosa, lakini naomba tuanze na vipimo ulivyoleta, kwa sababu katika familia nyingi unene wa mtoto hubishaniwa kwa macho, na macho yaliyozoea hayaoni.

Ukigawa kilo 36 kwa urefu wa mita 1.28 uliozidishwa kwa wenyewe, unapata uwiano wa takribani 22. Kwa mtu mzima namba hiyo ni ya kawaida kabisa, na nimeona wazazi waliofanya hesabu hii kwenye simu wakatulia. Mtoto, hata hivyo, hasomwi kwa kipimo cha mtu mzima. Katika jedwali la ukuaji la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2007, linalotumika kwa watoto wa miaka 5 hadi 19, mvulana wa miaka minane aliye katikati ya wenzake ana 15.7. Akivuka 17.4 huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi, na akivuka 19.7 huhesabiwa kuwa na kiribatumbo, yaani unene uliopindukia. Mwanao amevuka mistari yote miwili. Muuguzi alisema kweli, ingawa ilifaa akae nawe dakika tano zaidi akueleze.

Kuna habari njema ndani ya vipimo hivyohivyo. Urefu wa sentimita 128 kwa umri wake ni mzuri, uko juu kidogo ya katikati. Magonjwa ya homoni yanayonenepesha mtoto, ambayo wazazi wengi huyafikiria kwanza, ni machache, na kwa kawaida humfanya mtoto awe mfupi huku akinenepa. Mtoto anayerefuka vizuri mara nyingi hana ugonjwa wa namna hiyo. Hata hivyo, ukumbuke kama amewahi kupewa dawa za jamii ya steroidi kwa muda mrefu, kwa mfano kwa ajili ya pumu au mzio, au vidonge vya kuongeza hamu ya kula, kama siproheptadini, ambavyo watu hununua dukani ili mtoto "anawiri". Ikiwa ipo dawa ya aina hiyo, mweleze daktari, wala usiikatishe wewe mwenyewe, kwa sababu steroidi zikiachwa ghafla zina hatari zake.

Sasa tuje kwa baba yake, anayesema mtoto ana afya. Simshangai, na nakuomba nawe usimwone kuwa mkaidi. Kiswahili chetu chenyewe kinamsaidia kukosea. Tukisema mtu "ana afya" mara nyingi tunamaanisha kuwa amenenepa, na tukisema "umekonda" tunauliza kwa upole kama kuna msiba au maradhi. Wazazi wenye umri wa kati leo walikua wakati ugonjwa wa Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ulipokuwa ukiwaondoa watu kwa kuwakondesha kwanza, na hofu ya wembamba iliingia majumbani ikakaa. Juu ya hapo, sisi wa lishe tumetumia miaka mingi kupigana na utapiamlo, na tulikuwa na sababu: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wenye uzito uliozidi walikuwa takribani asilimia 4. Familia iliyosikia maisha yote kwamba adui ni upungufu haiwezi kutambua kwa siku moja kwamba kwa mtoto huyu mmoja, katika nyumba hii moja, adui amegeuka.

Lakini amegeuka kweli, na si kwenu tu. Mwaka 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza, duniani kote watoto na vijana wa umri wa kwenda shule wenye kiribatumbo wamewazidi wale wenye uzito pungufu. Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini ndizo sehemu ambazo bado hazijafika huko. Miji yetu, hata hivyo, inatembea kwa kasi kuliko wastani wa bara. Ukitaka kujua watoto wanaelekea wapi, watazame watu wazima wanaowapikia: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au kiribatumbo.

Je, kosa ni lako? Nitakujibu kama ninavyowajibu akina mama wanaokaa mbele yangu kliniki. Kunenepa kwa mtoto kuna sehemu iliyo ndani ya damu: tafiti za mapacha zimeonyesha mara nyingi kwamba tofauti za uzito kati ya mtu na mtu zinatokana kwa kiasi kikubwa na urithi. Ndiyo maana watoto wawili wa tumbo moja hula sahani moja, na mmoja akabaki mwembamba. Sehemu nyingine ni mji wenyewe, wenye kibanda cha chipsi kila kona, watoto wanaokwenda shule kwa basi na kurudi kwa basi, na viwanja vya mpira vilivyogeuka maegesho ya magari. Mama aliyeolewa katika mji huo, anayefanya kazi hadi jioni na kukaa na mama mkwe, hakuyachagua haya. Kwa hiyo wifi yako amekosea katika jambo la msingi: ameuchukua mzigo unaobebwa na watu wengi akautwika kichwa kimoja, na kama kawaida yetu akachagua kichwa cha mama.

Hata hivyo, nikiishia hapo nitakuwa nimekufariji bila kukusaidia. Mtoto wa miaka minane hana kipato, haendi sokoni, hapiki, wala hapangi nyumba ile nini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu chake cha 8, inaweka wajibu wa kumtunza mtoto, chakula kikiwa cha kwanza katika orodha, juu ya mzazi, mlezi au mtu mwingine yeyote mwenye mtoto mikononi mwake. Sheria haikusema mama. Inamhusu baba anayetoa elfu mbili kila asubuhi, na bibi anayefungua soda jioni. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema pia kwamba wajibu wa kwanza ni wa wazazi kwa kadiri ya uwezo wao, kisha unaitaka serikali iwasaidie, na lishe imetajwa kwa jina.

Kwa ufahamu wangu, wajibu huu maana yake ni moja: kazi ya kujizuia ni ya mtu mzima, na hufanyika sokoni na jikoni, kabla chakula hakijafika mezani. Kosa ninaloliona kila wiki ni la wazazi wanaojaza friji soda na kabati biskuti, halafu wanamgombeza mtoto kwa kuvila. Wamemkabidhi mtoto wa miaka minane mapambano ambayo wao wenyewe, wakiwa na miaka arobaini, hawayawezi. Chukueni nyinyi uamuzi wa kipi kinaingia nyumbani, kinaliwa saa ngapi na kinaliwa wapi. Muachieni yeye uamuzi wa kiasi anachokula kati ya vile mlivyoandaa, na hata kama atakula au hatakula. Mgawanyo huu ndio msingi wa ushauri wa lishe ya watoto, na unaheshimu tumbo lake. Mtoto ambaye hajalazimishwa kumaliza sahani hujua ameshiba lini. Tunamharibia ujuzi huo tunapomwambia "maliza, watoto wengine hawana", kisha baadaye tunapomwambia "umekula sana".

Nianze na soda ya bibi, kwa sababu hapo ndipo penye faida kubwa kwa jitihada ndogo. Chupa ya kawaida ya kioo ya mililita 350 ina takribani gramu 37 za sukari, yaani vijiko tisa vya chai. Mwombe mama mkwe, siku mkiwa wawili na mko na amani, akuhesabie vijiko tisa vya sukari kwenye kikombe cha chai ya mjukuu wake. Hakuna bibi atakayekubali kumpa chai hiyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile iliyomo katika juisi na asali, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na linapendelea isizidi asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji takribani kilokalori 1,600, asilimia 10 ni gramu 40. Chupa moja imemaliza karibu haki yake yote ya siku, kabla hujahesabu chai ya asubuhi, andazi na pipi. Juisi za pakiti na zile za unga zimo kwenye kundi hilohilo, hata kama pakiti imechorwa embe. Juisi mnayokamua nyumbani nayo hupoteza sehemu kubwa ya nyuzinyuzi za tunda na hunyweka haraka mno; afadhali ale tunda lenyewe.

Tafadhali usimwondolee bibi furaha ya kumpokea mjukuu. Akiona umemnyang'anya nafasi yake, soda itaendelea kwa siri, na mtoto atajifunza kwamba kitamu huliwa kwa kujificha. Mwachie zawadi, badilisha kilicho mkononi: chungwa lililomenywa, kipande cha tikiti kilichokaa kwenye baridi, embe wakati wa msimu, dafu siku mojamoja, kiganja cha karanga za kuchemsha. Mwulize pia yeye alipokuwa mtoto soda ilinywewa lini. Wengi wa umri wake watakuambia ilinywewa sikukuu na siku ya wageni. Kanuni hiyo ya zamani ndiyo ninayoitaka irudi nyumbani kwenu: soda kwa Iddi, Krismasi au harusi, maji kwa siku zilizobaki. Nimeona mabibi wakiwa walinzi wakali wa utaratibu huu kuliko wazazi, mara tu walipoambiwa kwa heshima kwamba wanahitajika.

Jambo la pili ni mafuta, na hapa nina njia ndogo ambayo sijaona nyumba ikishindwa kuifuata. Siku mnapofungua dumu jipya la lita tano, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Likiisha, andika tarehe nyingine. Kama dumu lenu watu watano linakaa siku 30, kila mtu, tukigawa sawa, anakula karibu vijiko vikubwa viwili na kidogo kwa siku, sawa na kilokalori 270 hivi. Kama linaisha baada ya siku 15, hesabu inakuwa kilokalori 540, ambayo ni theluthi ya mahitaji yote ya mwanao, na hayo ni mafuta ya nyumbani tu, bila chipsi za shule. Dada mmoja wa kazi aliyekuja kliniki na mtoto wa tajiri wake aliniambia alikuwa akimimina mafuta "mpaka vitunguu vielee", kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa alipofika mjini. Hakuna aliyekuwa amempa kijiko. Nunua kijiko, kiwe cha mafuta pekee, na mkubaliane ni vingapi kwa mboga ya sufuria moja. Kisamvu cha nazi na mchicha wa karanga vina mafuta tayari, havihitaji kuongezewa.

Chakula chenyewe cha nyumbani kwa kawaida hakina tatizo. Ugali au wali, maharage, dagaa au samaki, matembele, tunda: hiki ni chakula cha kujivunia. Kinachopotoka ni vipimo, pale wali unapojaa sahani na mboga za majani zikawa pambo pembeni. Pakua upya: nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo wanga, robo protini, na sahani ya mtoto iwe ya mtoto. Akitaka kuongeza, mwongeze maharage na mboga kwanza. Akikataa mchicha leo, usimlazimishe na usimpe kingine. Uweke tena keshokutwa. Mtoto huhitaji kuonja kitu kipya mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hajakizoea, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu.

Shule ni ngumu zaidi kwa sababu hauko pale. Elfu mbili mfukoni mwa mtoto mwenye njaa, saa nne asubuhi, mbele ya karai la chipsi, zina jibu moja tu, na hata mimi ningejibu hivyo. Badala ya kumhubiria, badilisha hali: apate kifungua kinywa chenye nguvu kabla ya kutoka, kwa mfano uji usio na sukari nyingi na yai la kuchemsha, au viazi vitamu na maziwa, abebe hotpoti yenye mihogo ya kuchemsha, ndizi, karanga na chupa ya maji, na hela ibaki ya Ijumaa, siku ambayo atanunua anachotaka bila kuulizwa. Mweleze mumeo kwamba hujamwondolea haki ya kumpa mwanawe kitu. Anaweza kumpa muda: nusu saa ya mpira jioni yenye baba itakumbukwa kuliko chipsi mia moja.

Ijumaa hiyo nimeiweka kwa makusudi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1999, watafiti wa Marekani Jennifer Fisher na Leann Birch waliweka biskuti mbele ya watoto wadogo katika chombo wanachoweza kuona ndani, wakawaruhusu kuzichukua kwa muda mfupi tu. Biskuti zilizozuiwa zikawa ndizo zinazozungumzwa na kutamaniwa zaidi kuliko zile walizokuwa huru kuzila. Kwa hiyo kitu ambacho hukitaki kisionekane nyumbani kabisa, na kikija kwa sababu ya sherehe, kiliwe kwa amani na watu wote. Kumwekea mtoto keki mezani na kumkataza ni kumfundisha kuiwaza keki.

Ninakusihi jambo moja kwa uzito kuliko yote niliyosema kuhusu vijiko: taratibu hizi ziwe za nyumba nzima. Dada yake wa miaka mitano, hata kama ni mwembamba, anahitaji maji kuliko soda kama yeye. Siku mtakayompa binti chipsi na kumpa kaka yake tango, mtakuwa mmemwambia mtoto huyu kwamba mwili wake ni adhabu. Hapo ndipo watoto huanza kula usiku kwa kuiba, na nimekutana na watoto wa miaka kumi waliokuwa wakificha makaratasi ya biskuti chini ya godoro. Majina ya utani kama "kibonge" na "tipwatipwa" yapigeni marufuku ndani, hata kwa mapenzi, hata kwa wifi. Usimpime uzito kila wiki, na usizungumzie uzito wake wakati wa kula. Mwambie unabadilisha chakula ili nyote muwe na nguvu, na umwambie hivyo kwa sababu ni kweli.

Kuhusu mwili kufanya kazi, lengo ni wastani wa dakika 60 kwa siku za kucheza hadi apumue kwa nguvu, ambazo si lazima zifuatane: kukimbizana, kuruka kamba, mpira, kuchota maji, kufagia uwanja. Usingizi pia ni sehemu ya tiba, na wazazi wa Dar es Salaam wanauona mara chache kuwa suala la lishe. Mtoto wa umri wake anahitaji saa 9 hadi 12. Asiyelala vya kutosha huamka na njaa kubwa na hutafuta vitamu. Kama basi la shule linamlazimu kuamka saa kumi na moja alfajiri, anapaswa awe amelala saa mbili usiku, na hiyo maana yake ni kwamba simu na televisheni zizimwe mapema kuliko mlivyozoea, pamoja na zenu.

Nisingekuwa mkweli nikiacha mzigo wote mlangoni kwenu. Mwaka 2010 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana juu ya mapendekezo ya kupunguza matangazo ya vyakula vyenye sukari, chumvi na mafuta mengi yanayowalenga watoto. Mexico iliweka kodi ya vinywaji vya sukari mwaka 2014, Chile ikaanza mwaka 2016 kubandika alama nyeusi za onyo kwenye pakiti na kuzuia bidhaa hizo kuuzwa shuleni, na Afrika Kusini ikaweka kodi yake mwaka 2018. Mzazi anayeshindana na bango la soda lililochorwa ukutani mwa duka mbele ya geti la shule anashindana peke yake na watu wenye fedha nyingi. Kuna hatua iliyo ndani ya uwezo wenu wakati mambo makubwa yakisubiriwa: kamati ya shule ina sauti juu ya nani anauza nini ndani ya uzio, na wazazi watano wakienda pamoja kuomba mwenye karai auze pia mihogo ya kuchemsha, matunda na mahindi, husikilizwa. Mwuzaji hapotezi kitu; anauza kinachonunuliwa.

Mpeleke mtoto kituo cha afya kwa uchunguzi kamili hata kama anaonekana mzima: apimwe shinikizo la damu na sukari, na ikiwezekana ini. Mtazame shingoni kwa nyuma na kwenye makwapa. Mwaka mmoja alikuja mama na binti wa miaka kumi na moja ambaye shingo yake ilikuwa imechubuka kwa kusuguliwa na dodoki. Alikuwa na mstari mweusi, mnene, kama mahameli, na nyumbani walidhani ni uchafu usiotoka. Alama ile ilikuwa dalili kwamba mwili umeanza kushindwa kuitumia insulini sawasawa, na mtoto alikuwa amegombezwa kwa miezi mingi kwamba hajui kuoga. Ukiona weusi wa namna hiyo, au mtoto akikoroma na kuonekana kukatika pumzi usingizini, akinywa maji na kukojoa kupita kawaida yake, au akiacha kurefuka, usingoje miadi ya mbali. Akianza kuchechemea au kulalamika maumivu ya nyonga au goti, apelekwe siku hiyohiyo, kwa sababu kwa watoto wenye uzito mkubwa kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteguka.

Usimpe chai za kupunguza uzito, dawa zinazouzwa mitandaoni, ndimu na maji moto kwa tumbo tupu, wala usimfungishe ili akonde. Mtoto wa miaka minane hatakiwi kupungua kilo kwa haraka, na katika hali ya mwanao huenda asihitaji kupungua hata moja. Fanya hesabu hii pamoja na baba yake. Watoto wa umri huu hurefuka takribani sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Akifikisha miaka tisa akiwa na sentimita 134 na kilo zilezile 36, uwiano wake utakuwa 20 hivi, na mstari wa kiribatumbo kwa mvulana wa miaka tisa ni 20.5. Atakuwa ametoka kwenye kundi hilo bila kulala na njaa hata usiku mmoja, kwa sababu urefu utakuwa umeufikia uzito.

Kadi ya kliniki humfuatilia mtoto hadi miaka mitano, na baada ya hapo wengi hawapimwi tena hadi waugue, kama ilivyotokea kwa mwanao. Kwa hiyo nunua daftari dogo. Baada ya miezi mitatu mpime urefu akiwa peku, visigino vikigusa ukuta, kisha uzito kwa mizani ileile ya kituo, asubuhi, akiwa na nguo nyepesi. Andika na tarehe za madumu ya mafuta. Njoo na daftari hilo kwa afisa lishe wa hospitali ya wilaya yako, na kama inawezekana mje wawili, wewe na baba yake. Akiwa na kilo 36 au 37 na ameongeza sentimita moja na nusu, endeleeni hivyohivyo. Akiwa amefika 39, tutaanza kuuliza upya kuhusu ile saa nne ya asubuhi shuleni.